Seva ya Moku Isitugawie Alama za Bure

Najua umezoea kukuta katika kurasa hizi mashairi, vitendawili na insha za kulaani ukataji wa miti. Mimi leo nimekuja na jambo la maabara ya kompyuta. Usifungue ukurasa mwingine kwanza. Jambo lenyewe linahusu pesa za mama zetu, linatuhusu sisi wanafunzi wa kutwa tusio na intaneti, na linaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila mtu kuuma ulimi. (Mwalimu wetu wa Kiswahili anataka tuandike tarakilishi badala ya kompyuta. Namheshimu, lakini mkono umeshazoea.)

Maoni yangu ni haya: katika shule za kutwa kama hii yetu hapa Wamagana, kila anayejifunza kuandika programu anapaswa kuwa na seva ya kuigiza ndani ya kompyuta anayotumia, na seva hiyo ifundishwe kukataa, kuchelewa na kunyamaza, siyo kuitikia tu. Sehemu ya kwanza wengi wataikubali upesi. Ya pili ndiyo imenifanya nishike kalamu, maana hata wale wachache wanaotumia seva hizi wanazitumia kujidanganya.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Programu nyingi siku hizi haziishi peke yake. Programu ya duka inataka kujua kama mteja amelipa, kwa hiyo inaiuliza kompyuta nyingine iliyo mbali, ile yenye habari za malipo. Kompyuta hiyo inayongoja maswali na kuyajibu ndiyo seva. Na yale mapatano kati yao, yaani swali liulizwe vipi, liende anwani gani, liwe na ufunguo upi, na jibu lirudi katika umbo gani, ndiyo yanayoitwa API. Mimi huyafananisha na dirisha la karani wa posta. Huingii ndani ukafungua droo mwenyewe. Unajaza fomu ile ile wanayojaza watu wote, unaipitisha chini ya kioo, unangoja. Ukikosea kujaza unarudishiwa, hata kama karani ni jirani yenu.

Hapa Kenya dirisha linalojulikana kuliko yote ni la M-Pesa. Huduma yenyewe ilianza Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, yaani API ambayo mtu aliyejiandikisha anaweza kuitumia kuunganisha programu yake na malipo ya M-Pesa. Waliipa jina la Kiswahili, na kwa hilo chama chetu kiwapigie makofi. Ule ujumbe unaochomoza kwenye simu ukikuambia uweke namba ya siri ili ulipe shilingi kadhaa, mara nyingi huwa umetokana na programu fulani iliyouliza swali kupitia dirisha hilo.

Sasa mwanafunzi afanyeje mazoezi? Hawezi kulipa pesa halisi kila anapojaribu mstari mmoja. Wenye Daraja wanalijua hilo, kwa hiyo wameweka uwanja wa majaribio. Unapewa namba ya biashara ya kujaribia, 174379, ambayo nadhani wanaojifunza kazi hii nchini wameiandika mara nyingi kuliko namba ya simu ya nyumbani kwao. Africa's Talking, kampuni ya Nairobi iliyoanza mwaka 2010, nao wana uwanja wa namna hiyo wa kujaribia SMS na USSD, wenye picha ya simu kwenye kioo ambayo unaibonyeza kama simu ya kweli. Ni mambo mazuri, sikatai.

Lakini uwanja huo uko kwao, si kwetu, na njia ya kwenda huko ni intaneti. Sisi wa kutwa tunaondoka shuleni jioni, tunateremka bondeni na kupanda tena, tunakata nyasi za ng'ombe, na siku ya kuchuma majani chai tunaingia shambani kabla ya kubadilisha sare. Ndipo tunafungua vitabu. Simu ya nyumbani ni ya mama, na bando lililomo ni la mama pia. Maabara inazo kompyuta, ila tunakaa watatu kwa moja, na intaneti inakuja na kwenda kama mvua ya Aprili. Hapana, nimeikosea mvua heshima. Mvua ya Aprili angalau huja. Saiba nayo ni pesa kwa dakika, na dakika zinakimbia ukiwa unatafuta alama moja ya mkato uliyoisahau.

Hata ukipata intaneti kuna shida ya pili, ambayo watu huigundua wakiwa wamechoka tayari. Daraja hujibu mara mbili. Jibu la kwanza huja papo hapo, nalo linasema tu kwamba ombi lako limepokelewa. Jibu la pili, lile lenye habari kwamba mtu amelipa au hakulipa, huja baadaye, mwenye simu akishaweka namba yake ya siri au akikataa. Na jibu hilo la pili huji kulichukua wewe. Kompyuta ya huko ndiyo inayoitafuta programu yako katika anwani uliyoiacha. Sasa kompyuta iliyo maabara ikijitaja hujiita 127.0.0.1, na kila kompyuta duniani hujiita hivyo hivyo. Kumpa mtu wa mbali anwani hiyo ni kama kumwambia tarishi, "Barua yangu ilete kwangu." Kwangu wapi? Kila mtu ana kwake! Walio na intaneti ya kutosha hutumia programu kama ngrok kufungua njia kutoka nje hadi ndani. Wasio nayo hukaa wakingoja jibu ambalo halitafika kamwe.

Ndipo inapoingia seva ya kuigiza. Ni programu ndogo unayoiwasha katika kompyuta ile ile unayofanyia kazi, au katika kompyuta moja ya maabara iliyounganishwa na nyingine kwa waya. Programu yako inaiuliza maswali yale yale ambayo ingeiuliza Daraja, nayo inajibu kwa umbo lile lile, kisha baada ya muda inakuletea na lile jibu la pili, maana yenyewe iko humo humo ndani na "kwangu" yako inaijua. Haina pesa, haina wateja, haitoki nje ya chumba. Programu yako haitambui tofauti, kwa sababu kilichobadilika ni anwani na ufunguo tu. Intaneti ikikatika hakuna anayeguna. Stima ikipotea, hilo ni jambo jingine, na sina dawa yake.

Wala si kazi ya wataalamu wa Nairobi. Kompyuta yenye Python tayari ina seva ndani yake. Andika python -m http.server ukiwa ndani ya folda yenye faili zako za majibu, nayo itaanza kuyatoa kupitia mlango namba 8000. Seva hiyo inajua kutoa tu, haijui kupokea. Ukiipelekea ombi la malipo inakujibu kwamba njia hiyo haiijui. Kwa hiyo inabidi uongeze mistari yako mwenyewe, na hapo ndipo penye utamu, maana unalazimika kuelewa seva inafanya nini inapoulizwa. Asiyetaka kuandika atumie Mockoon, ambayo ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haidai intaneti. Waliokomaa wana WireMock na json-server. Unapakua mara moja saiba, unabeba kwa flashi, umemaliza.

Haya, sasa nakuja kwenye ugomvi wangu. Wenzangu wakishaiwasha seva yao, wanaiandikia jibu moja tu: malipo yamefaulu. Ukiuliza asubuhi, yamefaulu. Ukiuliza kwa shilingi 10 yamefaulu, kwa shilingi milioni kumi yamefaulu, hata ukiiandikia namba ya simu yenye tarakimu nne, yamefaulu. Kioo kinaandika "Asante kwa kulipa," watu wanapigana mikono, wanachukua mikoba wanakwenda nyumbani wakiamini wametengeneza programu.

Hebu fikirieni mtihani wa moku. Kila aliyefika kidato cha nne katika nchi hii anaujua uchungu wake. Hakuna mwalimu anayetunga moku ili kumfurahisha mtu. Huja na swali ambalo hata msimamizi analisoma mara mbili akikuna kichwa. Watu wanapata D, wanalia, wanarudi kusoma, halafu KCSE inapokuja wanaikuta ni mtu wanayemfahamu. Moku ambayo ingempa kila mtu A isingemsaidia yeyote, ila mwenye mashine ya kuchapisha karatasi. Basi seva inayosema ndiyo kila mara ni moku ya namna hiyo.

Au tazameni shule za udereva. Kuna ule ubao uliochorwa mji mdogo, na mwanafunzi anasukuma kigari cha kuchezea huku anaulizwa hapa utafanya nini, pale utapinda vipi. Kwenye ubao hakuna matatu ya kukukatia njia, hakuna punda, hakuna ukungu wa Julai kati ya hapa na Nyeri mjini. Ubao una kazi yake, siudharau. Tofauti ni kwamba ubao huwezi kuufundisha ukutupie punda. Seva unaweza, na usipofanya hivyo ni uvivu.

Punda wenyewe wanajulikana, hatuhitaji kuwabuni. Lile jibu la pili la Daraja huja na namba ya matokeo. Namba 0 maana yake malipo yamefaulu. Namba 1, salio halitoshi. Namba 1032, mwenye simu amekatisha mwenyewe. Namba 1037, simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu mpaka muda ukaisha, na kwa sisi wa mabondeni hii si habari ngeni. Namba 2001, namba ya siri imekosewa. Kila moja inataka programu ifanye kitu tofauti. Aliyekatisha usimsumbue tena mpaka aombe mwenyewe. Aliyekosa mtandao unaweza kumpa nafasi ya pili. Asiye na salio aelezwe kwenye simu yake, isiandikwe kwa herufi kubwa kwenye kioo kinachoonwa na foleni nzima. Je, programu ambayo haijawahi kukutana na 1032 maishani itajuaje adabu hizi?

Tena kuna jambo baya kuliko kukataliwa, nalo ni kukubaliwa nusu. Nimesema jibu la kwanza linasema ombi limepokelewa. Jibu hilo nalo lina namba yake, na namba hiyo ikiwa sawa ni 0. Umeona mtego? Sifuri ya kwanza ni ya kupokelewa kwa ombi, sifuri ya pili ni ya kulipwa kwa pesa. Kati ya sifuri hizo mbili kuna binadamu ameshika simu, na binadamu huyo anaweza kuwa amebeba mtoto, au anafikiria karo, au simu imezima moto.

Nina binamu yangu aliyemaliza chuo, kijana hodari, si mzembe. Aliombwa na kikundi cha akina mama cha huku kwetu awatengenezee programu ya kupokea michango ya kila wiki, wachoke kubeba kitabu chenye kurasa zilizolowa chai. Alijenga kwa seva ya kuigiza, na seva yake ilikuwa ya zile za ndiyo bwana. Sifuri ya kwanza, sifuri ya pili, zote kwa kufumba na kufumbua. Kwa kuwa zilifuatana hivyo siku zote, hakuona ubaya kuandika risiti mara tu sifuri ya kwanza ilipotokea. Akapeleka kazi kwa akina mama, akapikiwa kuku.

Wiki za kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Kisha wakaanza kuwepo waliobonyeza kukataa kwa sababu salio lilikuwa halijatosha, wakasema watalipa kesho. Programu ikawaandikia kwamba wamelipa. Mwisho wa mwezi daftari la programu lilikuwa na pesa nyingi kuliko akaunti. Sasa wewe msomaji unayejua vikundi vya akina mama, niambie: zikikosekana pesa, anatazamwa nani? Kompyuta? Alitazamwa mweka hazina. Mama wa watu, mcha Mungu, aliyeshika kitabu miaka mingi bila shilingi moja kupotea. Walikaa Jumamosi nzima na ujumbe wa M-Pesa wa kila mmoja, jina kwa jina, mpaka ukweli ukajulikana. Walimwomba msamaha. Aliupokea, lakini kitabu hakukishika tena.

Binamu yangu aliirekebisha programu kwa siku moja. Siku moja tu! Kazi iliyokuwa imebaki haikuwa ngumu, ila seva yake haikuwahi kumpa sababu ya kuifanya. Laiti ingemkatisha mara moja kati ya tano, angeiona kasoro akiwa mezani kwake, peke yake, kabla mtu yeyote hajamtazama jirani yake kwa jicho baya.

Kwa hiyo mimi naona seva ya kuigiza iwe na utundu. Jibu la pili lichelewe, wakati mwingine sekunde mbili, wakati mwingine dakika nzima. Siku nyingine lisije kabisa, tuone programu itafanya nini: itakaa ikizungusha kile kiduara mpaka kesho, au itamwambia mtu aangalie ujumbe wake wa M-Pesa kwanza kabla ya kulipa tena? Siku nyingine lije mara mbili, maana katika mitandao ujumbe mmoja waweza kufika mara mbili, na programu isiyokumbuka namba ya muamala itahesabu mchango wa shilingi 200 kuwa 400. Hapo ni furaha ya muda mfupi. Vilevile ule ufunguo wa muda ambao Daraja humpa mtu hukaa saa moja tu. Seva ya kuigiza nayo iukatae ukishapita, hata mwanafunzi akiwa katikati ya kazi tamu. Mockoon na WireMock zote zinaruhusu kupanga ucheleweshaji na majibu ya makosa, na kwa Python ni mistari michache ya kuchagua kwa bahati nasibu.

Kuna wanaonipinga, na nitawatendea haki. Deskimeti wangu aliniambia juzi, "Hiyo kitu ni ya uongo. Unajiuliza, unajijibu. Sasa utasoma nini hapo?" Alisema kwa kejeli, lakini hoja yake ina mfupa ndani. Seva ya kuigiza inasema yale uliyoiandikia. Ukisoma maelezo ya Daraja vibaya, ukadhani namba ya simu inaanza na 07 ilhali inatakiwa ianze na 254, utaiandikia seva yako ikubali 07, nayo itakubali kwa moyo mkunjufu, na kosa lako litakuwa na mashahidi wawili. Isitoshe wenye API wanaweza kubadilisha jambo siku yoyote, na seva yako haitapata habari. Itabaki inaongea lugha ya mwaka juzi.

Dawa ya hilo naijua moja, na haigharimu sana. Mara moja kila muhula, mtu mmoja aende saiba na ombi lililoandikwa tayari, alipeleke kwenye uwanja halisi wa majaribio wa Daraja, ahifadhi majibu yote kama yalivyokuja, herufi kwa herufi, na ayalete kwa flashi. Majibu hayo ndiyo seva yetu iyatoe. Usiandike jibu kwa kubahatisha kama umelishikilia lile la kweli mkononi. Tukilinganisha majibu ya muhula huu na ya muhula uliopita tutaona kama kuna kilichobadilika. Na nakubali bila kubishana kwamba kabla ya programu kugusa pesa ya mtu hata shilingi moja, lazima ipite kwanza kwenye uwanja halisi. Moku haiwi KCSE. Lakini nani amewahi kuomba moku zifutwe kwa sababu hiyo?

Wengine wanasema mambo haya hayamo katika silabasi. Ni kweli kwamba neno API hutalikuta humo. Lakini kidato cha tatu tunafundishwa hatua za kutengeneza programu, na kuijaribu ni mojawapo, na kidato cha nne unatungoja mradi, ile karatasi ya 451/3, ambayo inatafuna miezi. Sisi tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yetu ya 2027 inatarajiwa kuwa ya mwisho pia. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026 na mpango mwingine. Kuna watu shuleni wanaotutazama kama basi la mwisho jioni, lisilo na haja ya kuoshwa. Mimi nasema kompyuta zitabaki, maabara itabaki, na folda tutakayoiacha ndani ya kompyuta ile itafunguliwa na mtu.

Jambo la mwisho linakihusu chama chetu hasa, na hapa ndipo ninapodai nafasi yangu katika jarida hili. Programu ikipokea 1032, inamwambia nini nyanya aliyeshika simu? Nyingi nilizoziona zinamtupia ile namba na sentensi ya Kiingereza iliyotoka moja kwa moja kwa seva. Maskini nyanya anadhani ameharibu simu ya mtu. M-Pesa yenyewe unaweza kuipanga ikuandikie kwa Kiswahili, kwa nini programu zetu ziandike Kiingereza? Majina yaliyomo ndani ya majibu ya API hatuwezi kuyabadilisha, hayo ni mapatano. Lakini maneno yanayotokea kwenye kioo ni yetu. Mwanachama mwenye kipaji cha lugha anaweza kukaa na mwenye kipaji cha kompyuta, mmoja anaifanya seva ikatae, mwingine anatafuta namna ya kumwambia binadamu kwamba amekataliwa bila kumvunjia heshima. "Malipo hayajakamilika. Hakuna pesa iliyotoka kwako." Sentensi hiyo ya pili ilipendekezwa na msichana mmoja ambaye hajui hata Python ni nini, nayo ndiyo sentensi ambayo mtu aliyekatishwa anataka kuisoma kwanza. Ile ya 1037 bado inatushinda, kwa sababu hapo hatujui kwa hakika kama mtu aliuona ujumbe au hakuuona, na hatutaki kumwambia uongo.

Tumekwisha kuanza, kwa idhini ya mwalimu wa kompyuta. Seva iko kwenye ile kompyuta ya pembeni karibu na dirisha, na kwa sasa inakataa mara mbili kati ya kila maombi matano, bila kutangaza ni yapi. Tunakutana Jumatano baada ya michezo mpaka wakati wa kufunga maabara, kwa hiyo wanaoishi mbali hawatachelewa kufika nyumbani. Mwenye pendekezo la sentensi ya 1037 aiandike kwenye karatasi na kumpa katibu wa chama. Mwenye flashi aje nayo, ila aikague virusi kwanza, maana muhula uliopita tuliletewa mmoja aliyebadilisha kila folda kuwa njia ya mkato.